Kulungu Anayegeuka Kileleni

Shamba la Haugen,
S.L.P. 41,
Broadus, Montana.
15 Novemba 1987

Mpendwa kaka Verlin,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Natumaini baridi ya Alaska haijakushinda na lile bega limepona. Mimi ni mzima. Ng'ombe wameshuka salama kutoka malishoni, na nyasi tulizokausha zitatosha.

Baba ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Mwili una nguvu na anakula vizuri. Lakini tangu msimu wa kuwinda ufunguliwe, kila jioni kulungu dume hutoka kwenye mierebi ya kijito, hupanda kilima, na akifika kileleni husimama, hugeuka, hutazama nyumba. Ni pale pale mdogo wetu Arden aliposimama mwaka jana akatupungia mkono, kabla ya dhoruba ya theluji kumkuta na kumuua kwenye bonde la upande wa pili.

Baba anasema ni Arden. Ameshatoka kumfuata bila koti, na juzi nilimkuta ng'ambo ya kilele, giza likiingia, anaita jina.

Nilimwambia huyo ni kulungu wa aina ya masikio-makubwa tu. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha: masikio-makubwa hudunda kwa miguu yote minne, na akifika juu lazima asimame atazame nyuma, ndipo hupigwa. Aina ya pili, mkia-mweupe, hutandaza mkia kama kitambaa, akatokomea, wala hageuki. Jirani yetu Leland akadakia, "Mzee, mzimu gani huo unaomaliza majani ya ng'ombe wangu?" Baba alicheka. Kisha akasema taratibu kwamba huyu ni mkia-mweupe, na anageuka. Hapo Leland akachukua kofia yake, akaenda zake.

Unanijua, sipendi jambo lisilo na hakika. Akiwa masikio-makubwa, nilifikiri, Baba atatulia. Akiwa mkia-mweupe, kibali changu cha kuwinda cha mwaka huu ni cha huyo, nitampiga na mambo yataisha.

Jana nililala kifudifudi na bunduki kwenye nyasi chini ya kilima, jua lingalipo. Baba alinifuata akaketi nyuma yangu. Dume akatoka. Kila pembe ilikuwa shina moja lililopinda mbele, matawi yamesimama juu yake, si kama zile za masikio-makubwa zinazogawanyika panda, kisha panda tena. Masikio madogo. Alipotunusa, mkia ukainuka, mpana, mweupe. Alikimbia bila kudunda. Mkia-mweupe, kila alama. Nikamlenga.

Akafika kileleni. Akasimama. Akageuka.

"Marlys," Baba akasema, "ukiwa na hakika ni nini, piga."

Ndiyo kanuni aliyotulea nayo. Nilibana pumzi mpaka macho yakatoa machozi. Kisha, bila kupiga, nikaichomoa risasi kwenye bunduki, nikamshika Baba mkono, tukarudi nyumbani. Sikutazama nyuma.

Sasa ninalala jikoni, kitanda kimeuzuia mlango ili Baba asitoke. Peke yangu sitamweza kipupwe chote. Njoo, kaka, kabla theluji haijaifunga njia.

Baba anakusalimu. Msalimie wifi Lorna na mtoto wenu Kirsten; shangazi Inga anawatumia soksi alizofuma. Mungu awaweke karibu na moto, asimsahau yeyote wetu aliye nje jua likizama.

Ukija, utapita kilimani. Nakuomba usisimame pale juu kutupungia. Shuka moja kwa moja mpaka mlangoni.

Dada yako akupendaye,
Marlys