Siku Tuliyomwomba Zaituni Asicheze

Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Mvua inanyesha Arua tangu watu watoke ibada ya kwanza, ile mvua ya taratibu isiyo na radi. Nimekaa sebuleni, nimejifunika kitenge miguuni. Simu imejaa jumbe ambazo sitaki kuzifungua, na sauti imenikauka kabisa.

Naandika kwa sababu jana niliona kitu na sijui nikiweke wapi.

Kwa anayefika hapa mara ya kwanza: mimi ni fundi wa majokofu ya chanjo. Natembea na pikipiki kati ya vituo vya afya vya Arua na Koboko. Kiswahili nilikipata kambini, kwa sababu baba alikuwa askari. Na tangu timu yetu ya wanawake ya mpira wa kikapu ianzishwe, mimi ni shabiki wake. Timu inaitwa Nyuki. Ndiyo timu pekee ya upande wetu kwenye ligi ya kulipwa, na msimu huu, hadi kufikia jana, tulikuwa tumeshinda mechi mbili tu.

Mbili. Karibu msimu mzima.

Kufungwa huko kulituletea mjadala ambao sikuwahi kuusikia Arua. Ligi yetu siku hizi haishushi timu daraja. Imeiga Wamarekani: timu inayomaliza ya mwisho ndiyo inayochagua kwanza kati ya wasichana wanaomaliza vyuo vikuu. Na mwaka huu, kati ya wasichana hao, yumo Keji.

Keji ni mtoto wa Lurujo, kule Koboko. Wazazi wake wanalima mihogo na ufuta. Ni mrefu kiasi kwamba akiingia dukani anainama bila kufikiri, na mpira ukiwa mkononi mwake unaonekana kama chungwa. Kila timu inamtaka. Sisi tulimtaka zaidi, kwa sababu ni wetu.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi. Tukimaliza wa mwisho, Keji anarudi nyumbani.

Mjadala ulikuwa unafanyika kila Jumamosi kwenye duka la matairi la Ezati, karibu na soko, ambako kuna mama anauza kahawa ya tangawizi. Ezati ndiye kiongozi wa mashabiki. Yeye alisema tuwapumzishe wakongwe wote, tuwachezeshe wasichana wadogo, tufungwe kwa utulivu, kisha tujenge upya. Mzee Lemi, askari mstaafu anayekuja kutoka Koboko kwa kila mechi ya nyumbani, hakukubali hata mara moja. Alikuwa anasubiri Ezati amalize, anaweka kikombe chini, anasema, "Mimi nilifundishwa kulenga. Hakuna siku afande alinifundisha kukosa."

Tulimcheka. Tulimwambia dunia imebadilika.

Na sasa niseme lile lililonikalia kifuani. Ezati ana mdomo, lakini mimi nina blogu. Mwezi uliopita niliandika hapa makala ndefu nikieleza kwa nini Nyuki wafungwe. Niliandika vizuri. Nilionyesha kwamba ushindi mmoja wa mwisho wa msimu hauna faida yoyote, na kwamba kuupenda huo ushindi ni utoto. Watu waliituma kila mahali. Wengine waliisoma kwa sauti pale dukani, huku mimi nikijifanya nakunywa kahawa.

Sikuwafikiria wachezaji kama watu wanaosoma.

Mechi ya mwisho ilikuwa jana, nyumbani. Timu nyingine ya chini, ya upande wa mashariki, ilikuwa imeshamaliza ratiba yake ikiwa imeshinda mechi mbili kama sisi. Walishatufunga, kwa hiyo tukipoteza, sisi ndio wa mwisho na Keji ni wetu. Tukishinda, wao ndio wa mwisho na wao watamchukua.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu. Zaituni.

Zaituni ni kapteni. Ana miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Koboko mjini, anafundisha shule ya msingi hapa Arua. Goti lake la kulia limekwisha. Daktari alishamwambia apumzike, na msimu huu amecheza mara chache, lakini wote tunajua kwamba akiwa uwanjani Nyuki wanaweza kumfunga yeyote, hata kama ni kwa dakika kumi tu.

Ijumaa mimi na Ezati tulimfuata shuleni. Tulimkuta darasani peke yake, anasahihisha madaftari, mguu umewekwa juu ya kiti kingine, barafu imefungwa kwenye goti kwa kitambaa. Ezati alizunguka maneno. Nilipoona anachelewa, nilisema mimi.

"Dada, goti ni sababu ya haki. Kesho usicheze. Mtoto arudi nyumbani."

Alimaliza daftari lililokuwa mbele yake. Aliandika alama, akafunika.

"Nimesikia," alisema.

Tulitoka tumefurahi. Njiani Ezati alinishika mkono kama mtu aliyepata kazi.

Jana uwanja ulijaa mapema. Keji mwenyewe alikuwepo. Alikuwa amekuja likizo kwao Lurujo na watu wakamleta, wakamkalisha mstari mmoja chini ya wetu, wakamnunulia soda tatu ambazo hakuzigusa. Nilimgusa bega, nikamwambia, "Mwanangu, mwakani utakuwa pale chini." Alitabasamu kwa adabu.

Zaituni alikuwa benchi, amevaa suruali ya mazoezi. Robo ya kwanza tukapitwa, ya pili tukapitwa zaidi, na jukwaa likawa na ile furaha ya ajabu ambayo sasa nikiikumbuka naona aibu. Poni, msichana wetu wa miaka kumi na tisa, alikuwa anapoteza mpira na watu wanapiga makofi. Wanampigia makofi kwa kukosea. Yeye anageuka kutuangalia, haelewi uso wake auweke vipi.

Robo ya nne ilipoanza tulikuwa nyuma kwa pointi kumi na moja. Ndipo Zaituni akasimama.

Kocha hakumwita. Niliona kwa macho yangu kwamba hakumwita. Alivua suruali ya mazoezi polepole, akitoa kwanza mguu mzima, kisha ule mbovu. Akaenda mezani kwa waandishi wa alama akajiandikisha. Kocha alimtazama, akatutazama sisi, akainamisha kichwa.

"Fundi," Ezati akaniambia, "huyu anatuharibia."

Nimejaribu tangu jana kueleza alichofanya. Hakuruka, kwa sababu hawezi kuruka. Hakukimbia. Alikuwa anatembea kwenda mahali, wewe unajiuliza anaenda kufanya nini pale pasipo na mtu, halafu mpira unafika. Kila mara. Wapinzani walikuwa wasichana wenye nguvu na pumzi, wanampita mbio, kisha wanageuka wanakuta mpira anao yeye. Kwa Poni hakupiga kelele. Alimwonyesha kwa kidole: pale. Poni anaenda pale, anapokea, anafunga. Tena: pale. Baada ya mara ya nne Poni alianza kwenda kabla ya kidole.

Nimeangalia mpira huu miaka mingi na sikujua kwamba ndivyo ulivyo.

Jukwaa lilinyamaza. Halikununa, lilinyamaza kama watu wanavyonyamaza mtu akianza kuimba vizuri kanisani na hakuna aliyemtarajia. Tulikuwa nyuma kwa saba. Kwa nne. Kuna mwanamke nyuma yangu alianza kusema "jamani, jamani" kwa sauti ya chini, kila mpira. Halafu nikasikia mtu anaita jina la Zaituni kwa nguvu zote, nikageuka nimtazame ni nani. Alikuwa Ezati. Kofia imeanguka, anaikanyaga, hana habari.

Na mimi. Sauti hii iliyokauka leo niliimaliza jana. Sikuamua kupiga kelele. Nilijikuta nimesimama juu ya ngazi ya saruji, na viatu vyangu viko chini.

Sekunde sita zimebaki, tuko nyuma kwa pointi moja, wakamwangusha. Aliangukia goti lile lile. Alikaa sakafuni kwa muda, akanyanyuliwa na Poni, akapewa mitupo miwili ya adhabu, kila mmoja pointi moja.

Nataka niliandike hili sawasawa. Pale mstarini alikuwa peke yake, na kila mtu uwanjani alijua hesabu. Akikosa yote miwili, Keji anarudi nyumbani. Nani angemlaumu? Mwalimu mwenye goti bovu, ametoka kuanguka. Angekosa na tungembeba mabegani. Tulimwandalia kila sababu. Mimi ndiye niliyeziandika.

Hakututazama. Alidunda mpira mara mbili, akatupa. Ukaingia bila kugusa chuma. Akapewa tena, akadunda mara mbili, akatupa. Ukaingia.

Mwili wangu wote ulisisimka hadi kwenye kucha. Sijawahi kusikia hivyo isipokuwa siku nilipojifungua.

Tulishinda kwa pointi moja. Watu walikumbatiana na watu wasiowajua. Halafu, polepole, mmoja baada ya mwingine, tukakumbuka tulichopoteza, na macho yote yakamgeukia Keji.

Keji alikuwa ameshashuka. Alikwenda moja kwa moja hadi benchi ambako Zaituni alikuwa amekaa, hawezi kukunja mguu ili avue viatu. Yule msichana mrefu akapiga magoti kwenye saruji. Akafungua kamba za kiatu cha kushoto, akakivua. Akafungua cha kulia kwa uangalifu zaidi, akiwa ameshika kisigino kwa mkono mwingine ili goti lisitikisike. Mzee Lemi alivua kofia.

Keji aliporudi kuchukua mkoba wake, nilimwomba radhi, ingawa sikujua naomba radhi ya nini. Alinisikiliza akiwa ameinama kidogo ili tuonane.

"Mama, mimi nilikuwa naogopa kuja kwenu," alisema. "Watu wakifungwa kwa sababu yangu, siku moja na mimi nikicheza vibaya, watanifanya nini?"

Hakusema kwa hasira. Aliniaga vizuri akaenda. Mwakani atacheza mashariki, na atakuja hapa kutufunga, na nadhani nitalipa kiingilio kumwona.

Zaituni nilimfuata jioni ile ile, watu walipopungua. Nilikuwa nimetunga maneno mengi. Nikasema tu kwamba ile makala niliandika mimi.

"Najua," alisema. "Nilisoma yote. Hesabu yako iko sawa, Fundi."

Nikakaa kando yake benchini.

"Ijumaa mimi nilikubali. Mimi pia nataka ile mtoto. Hata asubuhi nilimwambia kocha, leo mimi iko nje." Alikuwa anajipangusa shingo na fulana. "Halafu nikaona Poni anaangalia nyinyi. Anakosa, nyinyi napiga makofi. Mguu ikasimama yenyewe."

"Na ile mitupo miwili?"

Alifikiri kidogo, kweli alifikiri, kana kwamba na yeye alitaka kujua.

"Nilijaribu," alisema. "Wallahi, ya kwanza nilitaka kukosa. Hii mkono ikakataa."

Alicheka. Mimi sikuweza.

Leo asubuhi, kabla ya mvua kuwa kubwa, nilipita kwake kumpeleka barafu. Goti limevimba kama papai na linang'aa. Kaka yake alikuwa anatafuta gari la kumpeleka hospitali. Zaituni mwenyewe alikuwa anakunywa chai, ametulia, akaniambia hiyo ya jana ndiyo ya mwisho, amemaliza. Aliisema kwa sauti ya mtu anayekwambia chumvi imekwisha.

Kwa hiyo msimu ujao hatuna Keji na hatuna Zaituni. Tuna Poni, na wasichana wawili au watatu walioona jinsi inavyofanyika. Ezati ameniandikia mara tano: mara tumeharibu miaka mitano ijayo, mara hajalala kwa furaha. Nadhani yote mawili ni kweli kwake. Mzee Lemi alirudi Koboko jana bila kunisema. Alinisalimia tu, akaniuliza hali ya mama yangu, kama siku zote. Ingekuwa rahisi kwangu kama angenisema.

Bado naamini hesabu yangu ilikuwa sahihi. Nimeipitia tena leo na sioni kosa. Hilo ndilo linalonishangaza zaidi: kwamba mtu anaweza kuisoma, akaikubali, akatoka nyumbani akiwa ameikubali, na bado ndani yake kuna kitu kikubwa kuliko hiyo hesabu, kitu ambacho hata yeye mwenyewe hawezi kukiamuru.

Nina miaka arobaini na mbili. Alfajiri nitapiga pikipiki teke niende kituo cha afya cha Ludara, matope au hakuna matope, na najua njia nzima nitakuwa na swali hili moja. Watu ninaowapenda wakija kuniomba niache kitu fulani, kwa sababu nzuri, na mimi nikubali kwa moyo wangu wote, ni kitu gani hicho ambacho mkono wangu utakataa kukiacha?

Sijui. Nisingependa kuzeeka bila kujua.