Basuni Inayotetemeka

Nkuhungu, Dodoma
3 Julai 1993

Dada Penina,

Shikamoo. Mdogo wako sasa ni staa wa bendi ya kanisa. Wazungu wametuletea basuni ya mtumba, zumari la mbao refu kama mtutu, na mpulizaji ni mimi peke yangu.

Mwalimu Matonya alinisumbua miezi mitatu nitetemeshe sauti. "Cheka kwa tumbo, bwana, meno yasionekane!" Mimi niliyewachekesha mpaka mabaharia wa Mombasa, nikashindwa.

Jumapili sauti ikatetemeka yenyewe. Mwalimu machozi yakamtoka: "Gerson, umepata!" Sikumwambia kuwa ni kifua, maradhi yaleyale yaliyomwondoa mke wangu Emilia. Daktari kasema dawa hana.

Njoo mapema unisikie, dada. Kila wiki natetemesha vizuri zaidi.

Ni mimi, bingwa wako,
Gerson