Mkono Anaoukalia Hilda

Mpaka leo asubuhi sikuwa nimemwambia mtu jambo hili, hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja: mtihani wa kidato cha pili niliufanya kwa mkono wa kushoto. Masomo yote. Nilikaa mstari wa nyuma karibu na ukuta, wasimamizi walitoka shule nyingine, na kila mwanafunzi alikuwa ameinamia karatasi yake. Matokeo yale ambayo mama aliyatangaza kwenye jumuiya yetu ya sala mpaka watu wakapiga makofi yaliandikwa na mkono ambao kila mtu hapa aliamini niliuacha tangu darasa la kwanza.

Leo ni Jumamosi, Julai, na ukungu umekaa kijijini kwetu Kitura tangu asubuhi. Kahawa iliyoanikwa haikauki. Nina hasira ambayo sijui niiweke wapi, kwa hiyo naiweka hapa. Naandika kwa simu ya mama, ambaye anafikiri natafuta maswali ya baiolojia. Natumia vidole gumba vyote viwili. Simu haiulizi unaandika kwa mkono gani.

Mdogo wangu Hilda yuko darasa la kwanza. Kabla hajaanza shule alikuwa anachora kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni: mbuzi, kuku, baba akiwa na baiskeli yake. Mbuzi wake walikuwa na miguu yote minne upande mmoja, lakini ungewatambua kuwa ni mbuzi wetu. Mama aligomba kuhusu ukuta na bado hakuifuta picha ya baba. Zote zilichorwa kwa kushoto.

Tangu Januari amejifunza mengi. Anajua irabu zote na anaziimba hata akiwa anaoga. Anahesabu kwa visoda mpaka mia. Anajua kusimama mgeni anapoingia darasani, kupanga mstari kuanzia mfupi, kunyoosha kidole na kungoja aitwe, jambo ambalo hata baadhi ya wenzangu wa kidato cha tatu halijawaingia.

Na amejifunza kuukalia mkono wake.

Mwalimu wake ndiye aliyenifundisha na mimi. Sitaji jina, anaishi nyumba ya nne kutoka kwetu. Kwa watoto mashoto ana njia yake: mtoto anauweka mkono wa kushoto chini ya paja, kiganja kwenye benchi, anaukalia mpaka kipindi kiishe. Anajivunia njia hiyo. "Mimi sichapi," huwaambia wazazi. "Mimi nakalisha tu."

Ninakumbuka mkono unavyokufa ganzi. Ninakumbuka alama za ubao wa benchi kwenye kiganja. Baada ya miezi michache niliandika kwa kulia, polepole, herufi zimelala kama mahindi baada ya mvua ya mawe, na mwalimu akamwambia mama kwamba nimenyooka. Nilikuwa sijanyooka. Nilikuwa nimejifunza kujificha. Nikiwa peke yangu shambani niliandika kwa kijiti kwenye udongo, kwa kushoto, halafu nikafuta kwa mguu. Baadaye nikahamia kwenye madaftari ya nyumbani, mlango ukiwa umefungwa. Darasani nilitumia kulia na watu wakaniona mtulivu. Sikuwa mtulivu, nilikuwa nimechelewa tu kunakili.

Jumatano baada ya shule tulikuwa tunachuma kahawa, mimi, mama na Hilda. Kahawa inachumwa kwa mikono miwili, mmoja unainamisha tawi na mwingine unachuma. Hilda alikuwa anachuma kwa mmoja. Mwingine alikuwa ameuingiza ndani ya sweta.

"Wewe," mama alimwambia, "mkono mmoja umeupa likizo?"

"Huu mbaya," Hilda akasema. "Huu ndio unaofanya nirudie darasa."

Mama alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Mwalimu alikuwa amemwambia mwisho wa muhula kwamba Hilda ni mzito wa kuandika, na asipobadilika mwaka huu, mwakani atabaki darasa la kwanza na watoto wapya. Sikujua kwamba Hilda alisikia.

"Vumilia, mwanangu," mama akasema. "Mtazame dada yako. Alikuwa hivyo hivyo kama wewe. Mwalimu akamnyoosha, na leo anaongoza darasa lake."

Hilda akanitazama. Nilikuwa nimeshika tawi, kahawa mbivu zimejaa kwenye kiganja changu cha kushoto, na sikusema kitu.

Sikusema kitu!

Hiyo ndiyo hasira yenyewe. Ninamkasirikia mwalimu, ndiyo. Ninamkasirikia mama pia, na najua ni dhambi, nitaiungama. Lakini mfano wao ni mimi. Kila wanapomwambia mtoto huyu kwamba mkono wake ni mbaya, ushahidi wanaoutoa ni matokeo yangu, na matokeo yangu yameandikwa na mkono huo huo.

Ninaelewa habari ya kula. Ninaelewa kwamba mtu mzima humpi kitu kwa kushoto, wala humwamkii kwa kushoto, na sitaki kugombana na mtu kuhusu adabu. Kalamu si ugali. Hakuna anayekula nayo wala kumsalimia mtu nayo. Mtoto amekwenda shule akiwa na mikono miwili inayofanya kazi, na baada ya nusu mwaka amerudishiwa mmoja. Amekwenda anachora, sasa hachori. Tangu Machi ukuta wa jikoni haujapata mbuzi mpya. Mama anasema amekua.

Leo asubuhi jumuiya ilisali kwetu. Mimi ndiye ninayeandika mahudhurio, kwa sababu katibu wetu, Mzee Kosmas, haoni vizuri tena na anasema mtoto anayesoma lazima atumike. Huwa naandika kwa kulia, na watu hunisubiri. Wananivumilia kwa upendo. Leo mwalimu alikaa mbele yangu. Hilda alikaa kwenye mkeka karibu na mama, mkono ukiwa chini ya paja. Hakuna aliyemwambia aukalie. Tulikuwa tunasali rozari na alikuwa ameshika rozari yake kwa mkono mmoja.

Sala ilipoisha, mama akamuuliza mwalimu habari za Hilda, palepale mbele ya watu.

"Atanyooka tu," mwalimu akasema, akanionyesha kwa kidevu. "Ushahidi wangu si huyu hapa?"

Watu wakanitazama. Mimi watu wakinitazama hutamani sakafu inimeze. Nilifungua daftari la jumuiya. Kalamu ilikuwa kwenye mkono wangu wa kulia. Nikaihamisha.

Nikaanza kuandika majina kwa kushoto. Niliandika kwa mwendo wangu wa kawaida, ule ambao hakuna aliyewahi kuuona, na nilikuwa nimeinamisha uso kwa sababu masikio yalikuwa yanawaka.

"Binti," mwalimu akasema. "Mkono huo."

"Ndiyo, mwalimu."

"Tulishaumaliza huo."

"Hapana, mwalimu. Samahani. Huu ndio niliofanyia mtihani wa kidato cha pili."

Sauti yangu ilitoka ndogo mno, nikadhani hawakusikia. Walisikia. Nilijua kwa jinsi mama alivyoacha kukunja leso yake.

Mzee Kosmas akakohoa. "Mimi sina neno na mkono," akasema. "Mradi jina langu liwepo. Wiki jana nilikuwepo nikaandikwa sipo."

Watu wakacheka, na nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Mwalimu hakucheka. Alifunga kanga yake akasema, si kwa ukali, kwamba yeye ana watoto wengi darasani kuliko madawati, na wakikaa wamebanana kila mmoja akiandika kwa mkono wake viwiko vinagongana, sasa mimi nimwambie afanyeje. Hilo ni swali la kweli, sikulitegemea, na bado nina hasira.

"Anaweza kukaa mwisho wa benchi, upande wa kushoto," nilisema. "Hapo kiwiko chake hakimgongi mtu."

Alisema tu, "Tumsifu Yesu Kristo," akaondoka kabla ya chai.

Mama aliwahudumia wageni chai mpaka wote walipokwenda. Kisha akasema, "Umeniaibisha," akatoka kwenda kuchambua kahawa.

Sijui Jumatatu mwalimu atafanya nini. Inawezekana nimemharibia Hilda zaidi. Jumatatu nitatoka mapema, nitampeleka mwenyewe, nitamwamkia mwalimu na kumwomba ile nafasi ya mwisho wa benchi.

Lakini leo, nyumba ilipotulia, nilifanya hivi. Niliketi mezani kwenye chumba cha mbele, mlango ukiwa wazi, nikatoa daftari langu la baiolojia na kuanza kunakili kwa kushoto. Hilda alikuwa upande wa pili na kazi yake ya nyumbani, mistari miwili ya herufi, wa kwanza ameumaliza kwa kulia, mkono wa kushoto chini ya paja. Niliandika ukurasa mzima. Nilipofungua wa pili, aliutoa mkono. Hakuandika. Aliulaza tu mezani, akawa anautazama.

Nikaichukua penseli yake nikaiweka karibu na mkono huo.

Akatazama mlangoni. Mama alikuwa amesimama pale na ungo wa kahawa, sijui tangu lini.

"Fungeni mlango," mama akasema. "Baridi inaingia." Akarudi uani.

Niliinuka, nikafunga. Niliporudi mezani Hilda alikuwa ameshaanza mstari wa pili, kwa kushoto, na pembeni mwa ukurasa, mahali pasiporuhusiwa, palikuwa na mbuzi.