Adelina, Wimbo Namba Nne

Jumatatu, 2 Machi
Mazoezi ya vidole, kahawa, mazoezi tena. Kidole kidogo cha kushoto bado kigumu. Uzinduzi wa albamu ni Jumamosi, hotelini kule ufukweni. Miaka yote nimepiga kinanda nyuma ya waimbaji wa watu. Hii ni jazi laini, yangu mwenyewe, haina mwimbaji. Namba nne nimeipa jina la mke wangu, Adelina. Niliitunga nikikumbuka tulivyovuka kwa kivuko kwenda Sengerema siku ya pili ya harusi. Upepo ulimpokonya kitambaa, akacheka mpaka tukafika ng'ambo.

Jumatano, 4 Machi
Sokoni nimekutana na Masunga, yule anayekodisha spika misibani. Shikamoo ya heshima kabisa, mikono miwili. "Mzee, namba nne inatusaidia sana. Tangu uiweke mtandaoni, watu wakipita kuaga mwili sipigi kingine." Nikasema asante. Asante ya nini? Nimerudi nyumbani Butimba kichwa kizito. Mke wangu, Mama Koku, sijamwambia.

Alhamisi, 5 Machi
Wenzake wa kwaya wamemwambia. "Jina langu linapigwa juu ya majeneza, na wewe unajua." Anataka jina litolewe. Nimemkumbusha kwamba ule ni wimbo wa harusi yetu. Akauliza mbona basi watu wanaulilia.

Jumamosi, 7 Machi
Uzinduzi. Nyimbo tatu za kwanza watu walikula, wakaongea, wakapiga makofi. Nilipoanza ya nne, vijiko vikatulia. Mzee mmoja akavua kofia. Mama wa meza ya mbele akaanza kujifuta macho. Wengine wakasimama kabisa, wakainamisha vichwa. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa natabasamu. Adelina alichukua mkoba wake akatoka. Nimeona aibu, na sijui nimekosa nini.

Jumapili, 8 Machi
Hatuongei. Nimeusikiliza ule wimbo mara nyingi, natafuta huzuni imejificha wapi. Siioni. Kasi yake ni ya mtu anayetembea polepole. Labda ndilo kosa, kwamba watu wanaweza kutembea nao.

Jumanne, 10 Machi
Msiba kwa jirani, fundi baiskeli. Tulikwenda wote wawili. Masunga aliponiona akasita, akanifuata kuninong'oneza kwamba mjane mwenyewe ndiye aliyeuomba. Ukapigwa. Nilimwangalia Mama Koku nikijua atatoka. Hakutoka. Alimshika mjane kiunoni, wakapita pamoja mbele ya jeneza. Tangu jana mjane alikuwa hajatoa chozi. Alilia pale, kwa sauti, akimwegemea mke wangu. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Jumatano, 11 Machi
Anamenya ndizi huku akiuimba, mdomo umefungwa. Jina libaki, amesema. Nilitakiwa kufurahi. Nikakaa kwenye kinanda nikaanza namba nne, na sikuona kivuko wala upepo. Niliona jeneza, na aliyelala ndani ni yeye. Nimeacha katikati. Nina hasira. Yeye amepona, ugonjwa umehamia kwangu.

Ijumaa, 13 Machi
Nimejaribu tena. Nimeishia palepale. Akauliza toka uani, mbona umeacha? Nikasema kidole. Naogopa, huo ndio ukweli.

Jumapili, 15 Machi
Tumetoka misani. Nikaanza tena, nikakwama tena. Alikuja toka jikoni mikono imelowa, na safari hii hakuuliza. Akavuta kigoda, akakaa, bega lake kwenye bega langu. "Piga, Baba Koku. Mimi nipo." Nikapiga mpaka mwisho, nikimwangalia yeye badala ya vidole. Bado sijui kama ni wimbo wa harusi au wa msiba. Akarudi jikoni. Nikamsikiliza akifunika sufuria.