Makaburi Nyuma ya Ukuta

Tania, uko? Mi niko nalia mpaka sasa.

Unamujua Mama Mbelu, jirani yangu mwenye kuuzisha makala ya kupikia, ule alitoka Kasai? Bwana yake alikufia mu shimo ya madini. Kiisha mutoto wao mumoja tu, Mechack, akakufa na malaria. Tulimuzika kule pembeni ya muji.

Leo asubui nilimusindikiza kupalilia kaburi. Tukakuta ukuta, Tania! Ukuta murefu, mupya, na mulinzi ku mulango. Kampuni imenunua udongo yote, pamoja na makaburi ndani yake. Hakuna mutu alimuambia. Nani angemuambia? Hana ndugu hapa.

Akasema na mulinzi: "Tata, mutoto wangu iko ndani."

Ule akacheka! "Mama, hapa ni ya kampuni. Kama unataka kulia, rudia kwenu Kasai."

Rudia kwenu Kasai. Alisema vile, mbele yangu.

Mbelu hakukasirika. Alijibu polepole: "Kasai hakuna mutu ananingojea. Kwetu ni pale mutoto wangu analala."

Mulinzi akafunga mulango.

Basi Mbelu akaweka mikono yote mbili ku ukuta, akaita kwa nguvu: "Mechack! Ni mama! Nilikuja, balinikataza!"

Ndani mashine zilikuwa zinachimba. Sauti yake ikapotea.

Nilimuvuta mukono turudi, akakatala. Nimemuacha kule, Tania, nilishindwa. Kila mara mashine inanyamaza kidogo, anaita tena.