Kugonga Mapema

Jumatatu, 3 Februari

Nimepanga mafaili ya mipaka ya Kisaju, nimepeleka hati mahakamani, nimerudi. Vumbi la Kajiado hadi kwenye meno. Mchana Wakili ameniita. Mwanawe, Lema, ana mashindano ya jujitsu Nairobi mwisho wa mwezi na hana wa kufanya naye mazoezi, kwa sababu Mutiso aliumia goti. Hakusema nani alimuumiza Mutiso. Ni Lema. Nilikuwepo. Goti lililia kama muwa unaovunjwa.

"Wewe pia uko kwa hiyo club, na uzito wenu ni karibu sawa. Jumanne na Alhamisi utatoka saa tisa. Atakupitia na gari."

Kisha, bila kuinua macho: mwisho wa mwezi huu ndipo ataamua kama atanithibitisha kazini. Nikasema asante. Kwa nini nilisema asante?

Naogopa.

Jumanne, 4 Februari

Kitengela, ukumbi ulio juu ya duka la mbao. Jengo ni la Wakili. Ndiyo maana Mwalimu Abdi huongea na Lema kwa upole kama mtu anayekaribisha mgeni.

Lema anataka loki ya kisigino tu. Miguu yake inajifunga kwenye mguu wangu, kisigino changu kinakaa kwenye kiwiko chake, halafu anageuka. Sehemu ya chini ya mguu inazunguka, paja limebanwa, goti ndilo linaloumia. Sheria ya Mwalimu: ukishika, ngoja kwanza. Mpe mwenzako nafasi ya kugonga mkeka, yaani kukubali ameshindwa. Akigonga, achilia. Lema hangoji. Anashika na kugeuza kwa pumzi moja.

Niligonga kila mara kabla hajageuka. Nimetoka mzima.

Alhamisi, 6 Februari

Lema amechoka nami. "Karani, sasa hiyo ni kugonga, ama unabisha hodi kwa ofisi ya mzee?" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na hilo ndilo linaloniudhi.

Akasema hawezi kujifunza kumaliza kama mimi sikazi mguu na kumpinga. Akasema babake huuliza nasaidia vipi. Basi nikakaza. Nikangoja nisikie maumivu ndipo nigonge. Hayakuja. Kilichokuja ni kitu ndani ya goti la kushoto kuteleza, polepole, kama droo inayofunguka. Nikagonga kwa mikono yote miwili, nikipiga kelele.

Mwalimu alikuwa anafunga kamba ya suruali yake. Aliifunga muda mrefu sana.

Ijumaa, 7 Februari

Goti limefura. Siwezi kuchuchumaa kufikia mafaili ya chini. Wakili ameniona nikichechemea.

"Naona mnafanya kazi," akasema, akafunga mlango.

Jumapili, 9 Februari

Nimemtembelea Mutiso. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, lakini sasa hachomelei chochote. Anakaa nje ya nyumba yake, mguu juu ya kreti ya soda. Alinitazama nikivuka barabara, akajua.

"Ulikuwa unangoja iume?"

Nikakubali.

"Hiyo ndiyo ujinga yangu pia. Loki ya mkono inauma kwanza, inakupa notisi. Hii ya kisigino haiumi, bro. Ukisikia imeuma, goti imeshaenda. Na usijizungushe! Mimi nilijizungusha nikitoroka, upande mbaya. Ni kama nilimsaidia."

Nilimuuliza kwa nini hakumshtaki. Alicheka hadi akashika mbavu.

"Kwa wakili gani?"

Jioni Mama alipiga simu kutoka Kiserian. Ameshawatangazia akina mama wa kanisa kwamba mwanawe anaajiriwa kwa wakili. Nikamwambia kila kitu kiko sawa. Naona aibu kwa jinsi nilivyosema vizuri.

Jumanne, 11 Februari

Nilimwandikia Lema kwamba naumwa na tumbo. Saa tisa gari lake lilikuwa mlangoni hata hivyo. Wakili alitoka hadi kwenye ngazi kunitazama nikiingia. Gari likianza kwenda, milango hujifunga yenyewe. Niliisikia.

Nilikuwa nimefunga bandeji goti la kushoto. "Sawa, hiyo sitagusa," Lema akasema. Akachukua la kulia.

Si katili. Hilo ndilo gumu. Hunipa maji yake, huuliza Mama anaendeleaje. Anaamini kabisa kwamba ananifundisha ujasiri. Nikigonga, anahesabu moja, mbili, kwa sauti, ndipo aachilie. Ili nizoee, anasema. La kulia halikuteleza. Leo.

Nikikataa, kazi inaenda. Nikikubali, goti. Nikimlilia Mwalimu, ukumbi wake ni wa nani? Kila ninayemfikiria ameshikwa na watu wale wale.

Jumatano, 12 Februari

Sikula. Nimekosea jina la mteja mara mbili kwenye hati moja. Sijawahi.

Alhamisi, 13 Februari

Tuliketi kwenye mkeka. Lema akanyoosha mkono kuelekea mguu wangu. Nikagonga.

"Nini?"

"Nimekubali."

"Sijakushika hata!"

Tukaanza tena. Akagusa soksi. Nikagonga. Tena. Akasogea tu, nikagonga. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimepanga kukaza kidogo tu, nusu. Lakini mkono uliendelea kupiga mkeka wenyewe, na kila ulipopiga nilijua sitaweza kuuzuia.

Mtu akacheka nyuma yetu. Mara hii hakunicheka mimi. Uso wa Lema ukabadilika. Akaurukia mguu wangu wa kushoto, ule wa bandeji, akaufunga. Nikagonga bega lake, mgongo wake, mkeka. Moja, alihesabu. Sikujizungusha. Nilijilaza tuli kama maiti nikimkumbuka Mutiso, na kutulia huko kulikuwa kugumu kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

"Warya! Achilia!"

Mwalimu Abdi, akimwita kwa Kisomali. Sijawahi kusikia sauti hiyo. Alikuwa ameshika mikono ya Lema kwa mikono yake.

"Ananichezea, Mwalimu! Anagonga hewa!"

"Amegonga. Mtu akigonga, imeisha. Hatumuulizi mbona."

Lema alichukua begi lake akashuka. Nilitembea hadi nyumbani, pole pole, kwenye jua lote lile.

Ijumaa, 14 Februari

Wakili hakunikalisha. Alisema ofisi ni mahali pa watu wanaojua kushirikiana. Alisema nimalize mwezi, kisha nimkabidhi mafaili karani mwingine. Nilitaka kumwonyesha goti. Nilianza hata kuinama kushika suruali. Simu yake ikalia, akaipokea.

Nilijifungia chooni nikalia. Halafu nikarudi kupanga hati za Jumatatu. Bado ni kazi yangu.

Jumapili, 16 Februari

Kiserian. Nilimwambia Mama baada ya chakula, tukiwa uani, yote, hata asante ile niliyosema siku ya kwanza. Nilijua anawafikiria wale akina mama wa kanisa, na nikamwacha awafikirie.

Kisha akatia chumvi kwenye maji ya moto, akachovya kitambaa, akanikanda goti. Hakuuliza habari za Wakili.

"Kunja nione."

Nikakunja.

"Nyoosha."

Nikanyoosha. Linauma karibu na mwisho, lakini linafika.

"Huo mguu mwingine."

Nikakunja na huo mwingine. Akautazama muda, akamwaga maji, akaniambia nihamie upande wa kivuli.