Viti vya Hiari

Mdogo wangu,

Hujambo huko kazini? Sisi wazima, ila goti langu bado linanisumbua. Mwanao anakula vizuri hapa kwangu. Viti vipya vya shule yangu vimefika, vinang'aa kama meno ya bandia.

Mchango wa viti ni wa hiari, kama ulivyonikumbusha kwa mdomo wako ule mbele ya wazazi wote. Nami kama mwalimu mkuu sikumlazimisha mtu. Ila asiyechangia, mtoto wake anakaa sakafuni. Wako alishaanza kuzoea.

Kisha akaniuliza, "Shangazi, mbona yule mwenzangu hajachangiwa na ana kiti?"

Nikamwambia ukweli: yule ni yatima, na yatima tunawasamehe.

Juzi akasimama darasani, akawaambia wenzake kwamba baba yake amefariki. Alilia vizuri mno, hata mwalimu wake akatoa leso. Mimi nilikuwa mlangoni, nikisikiliza yote.

Kiti amepata, cha mbele kabisa. Kwa hiyo siku ya wazazi usije, utamwaibisha mtoto.

Rambirambi za kifo chako nimeshapokea.

Ni mimi dada yako, niliyekulea.